Ng'ombe Mmoja, Chupa Tisa

Bwana mifugo wetu ni mwanamke. Cheo chenyewe kilifika kijijini zamani kikiwa kimevaa suruali, na yeye alipoletwa kutoka mkoa mmoja wa kule kati, ambako mvua ni kitu cha kuombea, hatukuona sababu ya kukibadilisha. Tukamwita bwana mifugo, akaitika. Alichoshindwa kuzoea ni matope. Mwezi wa nne hapa Ikolo hata bata wanatembea kwa tahadhari, na yeye alikuja na viatu vya ofisini. Wiki ya pili akawa na gambuti, wiki ya tatu gambuti moja ikabaki kwenye tope na mguu ukatoka peke yake. Hapo ndipo tulipoanza kumpenda.

Jumapili moja mchungaji alimpa nafasi ya kusema neno baada ya ibada. Akasimama pale mbele ameshika chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko.

"Nataka chupa kama hii kutoka kila nyumba yenye ng'ombe anayekamuliwa," akasema. "Maziwa ya kesho asubuhi, mabichi. Msichemshe, msichuje, msiongeze kitu. Hasa msiongeze maji."

Akaniangalia mimi. Sijui kwa nini mimi. Kweli mimi ndiye niliyekuwa napeleka maziwa ya kijiji mjini Kyela kwa baiskeli, madumu mawili nyuma na moja mbele, lakini dada wa watu alikuwa hajanifahamu kiasi hicho.

Akaeleza. Kuna ugonjwa unakaa ndani ya ng'ombe kimya kimya. Ng'ombe anakula, ananenepa, anakamuliwa, humwoni na tatizo, labda tu siku moja anatupa mimba. Lakini wadudu wake wanapita kwenye maziwa. Anayekunywa mabichi anapata homa inayokuja na kuondoka, jasho, viungo vinauma, anatobolewa kidole kwa kipimo cha malaria mpaka kidole kinazoea.

Mzee mmoja wa kanisa akanyoosha mkono. "Na dawa yake ni ipi, bwana mifugo?"

"Mtu anatibiwa, baba. Ng'ombe hatibiwi. Ng'ombe anachinjwa."

Kanisa likanyamaza kuliko wakati wa sala. Wakati wa sala huwa kuna wanaokohoa.

Nyumba zenye ng'ombe wa maziwa zilikuwa tisa, na ya kwetu ikiwemo, na kila moja akaigawia chupa yake. Bwana mifugo akaniomba nimwongoze kesho yake, kwa kuwa nazijua zote na mbwa wa nyumba zote wananijua. Nikakubali. Nilijiona mtu wa maabara.

Kwetu maana yake kwa bibi. Bibi ndiye aliyenilea, na nilipomaliza darasa la saba nikabaki hapo hapo, nikikata majani ya ng'ombe na kukausha kakao. Ng'ombe alikuwa mmoja. Aliingia nyumbani akiwa mtamba, kwenye mahari ya shangazi, na bibi mwenyewe alimfuata Ngana akamswaga kwa miguu siku nzima mpaka Ikolo. Babu alipofariki, shamba likagawanywa, migomba ikagawanywa, hata mabati ya jikoni yakapata wenyewe. Ng'ombe hakuguswa. Huyo alikuwa wa bibi, na bibi alikuwa wake. Alikuwa mweusi, mnene, anang'aa kama amepakwa mafuta, na alikuwa anatoa maziwa mengi kuliko ng'ombe yeyote wa upande wetu. Mara moja tu alitupa mimba, miaka miwili nyuma. Tukasema ni kwa sababu aliteleza mtaroni.

Asubuhi ya Jumatatu nilikamua mapema. Nikajaza chupa yetu kwanza, nikaifunga, nikaiweka kwenye meza. Maziwa mengine yakabaki kwenye ndoo. Nilikuwa bado naosha mikono nikasikia mtu anabisha hodi uani.

Alikuwa yule mzee wa kanisa. Amevaa koti asubuhi yote ile.

"Ugonile, bibi."

"Nimelala salama. Wewe je?"

"Salama, isipokuwa nimepata mgeni wa ghafla. Ametokea Mbeya. Na ng'ombe wangu kapiga teke ndoo, maziwa yote chini. Nikasema nikuombe kidogo, nisiaibike."

"Mume wangu," bibi akaniita, maana ndivyo anavyoniita tangu nimejua kutembea, "mpimie mzee."

Nikachukua kikombe. "Viwili vinatosha, babu?"

"Hata nusu, mwanangu. Hata nusu kikombe."

Sasa ni nani anampa mgeni wa Mbeya nusu kikombe cha maziwa? Nikamtazama vizuri. Mfuko wa koti ulikuwa umevimba, na kwa juu kilikuwa kinachungulia kifuniko cha chupa ya bwana mifugo. Nikapima nusu kikombe. Nilishaelewa, na nilikuwa nimeanza kufurahi.

Mzee hajafika barabarani, akaingia mama jirani.

"Bibi, mtoto ana kikohozi, hajalala. Nataka nimpe maziwa ya moto."

"Maskini. Yupi?"

"Huyu wa mwisho."

Huyu wa mwisho wakati huo alikuwa anapita nyuma yake, anamfukuza jogoo wetu na kuimba kwa sauti ambayo hata kwaya ya kanisa haina. Mama yake hakugeuka. Mimi nikapima.

Akaja dada anayepika maandazi, unga wake umekuwa mgumu. Akaja mmoja ambaye paka wake amezaa. Akaja kijana ambaye ng'ombe wao ameamka na hasira. Akaja mwingine ambaye hakusema sababu yoyote, alisimama tu na kuuliza habari za kila mtu wa ukoo wetu mpaka bibi akamwonea huruma. Walifika wanane. Kila mmoja peke yake, kila mmoja akitazama nyuma asionekane, na kila mmoja akidhani hiyo akili amepewa yeye tu: ukiogopa ng'ombe wako asionekane mgonjwa, peleka maziwa ya ng'ombe ambaye kijiji kizima kinajua ni mzima.

Bibi hakushtuka. Ni mtu ambaye hajawahi kumnyima mtu maziwa, na siku hiyo aliona sifa tu. Alipoondoka wa nane, uso wake ulikuwa umechanua.

"Unaona, mume wangu? Wanajua maziwa yako wapi."

"Wanajua, bibi," nikasema, na nikatoka haraka kwenda kucheka kwenye migomba.

Nilipozunguka na bwana mifugo, kila nyumba chupa ilikuwa tayari juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha maua kama inamsubiri askofu.

"Yamekamuliwa saa ngapi?" anauliza.

"Sasa hivi tu, bwana mifugo."

Kwa mzee wa kanisa tulikaribishwa chai sebuleni. Huko bandani ng'ombe wake alikuwa analia kwa nguvu, kwa sababu mpaka saa hiyo hakuna aliyekumbuka kumkamua.

"Huyo vipi?" bwana mifugo akauliza.

"Anapenda wageni," nikamjibu. Mzee akanywa chai yake bila kuinua macho.

Ningeweza kusema hapo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Jibu langu ni kwamba ilikuwa inachekesha, na kwamba na mimi nilikuwa na uhakika kama wao. Ng'ombe wetu, mgonjwa? Ungeniambia ziwa limehama Matema ningekuamini kwanza.

Tukazipeleka chupa kwenye ofisi yake, chumba kimoja chenye meza na deli la barafu kama la muuza aiskrimu. Akapanga vichupa vyembamba tisa kwenye ubao wenye matundu, akaweka maziwa kidogo kila kimoja, akatoa kwenye deli dawa ya rangi ya buluu iliyokolea, akadondosha tone moja moja na kutikisa. Maziwa yote yakawa ya buluu laini, kama maji ya kufulia mashati ya shule.

"Sasa tunasubiri saa moja," akasema, akaviweka kwenye maji ya uvuguvugu. "Kama ng'ombe ni mzima, yatabaki hivi hivi buluu. Kama ni mgonjwa, malai, yale mafuta ya maziwa, itapanda juu na ile rangi, utaona pete juu na chini panarudi peupe."

Nikakaa. Nikamsimulia habari za gambuti yake, kwamba kuna mtoto ameiona na sasa inafugiwa bata. Akacheka. Saa ikaisha, akavitoa.

Cha kwanza kilikuwa na pete. Cha pili pete. Cha tatu. Aliendelea kuvitoa na kuviweka mezani, na uso wake ukawa unapoteza rangi kama yale maziwa ya chini. Pete tisa, nzuri, za buluu, zimekaa juu ya maziwa meupe.

"Tisa kwa tisa," akasema. Akakaa kwenye kiti. "Sijawahi kuona. Hata kusikia sijasikia."

Akarudia yote kwa dawa ya kichupa kingine. Tisa tena. Yeye alikuwa anaona ng'ombe tisa. Mimi nilikuwa namwona mmoja, mweusi, mnene, amefungwa nyuma ya nyumba ya bibi, anatafuna.

"Nenda kawaambie," akaniambia. "Asinywe mtu maziwa mabichi. Wayachemshe mpaka yafure, wayaache yaendelee kuchemka kidogo. Mjini usipeleke. Wiki ijayo nitapata vifaa, nije nichukue damu ng'ombe wote tisa. Damu ndiyo itakayosema neno la mwisho."

Nikaenda nyumba kwa nyumba. Na kila nyumba jambo likawa lile lile. Nikisema, "Chupa yako ina pete," mtu hashtuki kwa ajili ya ng'ombe wake. Anageuza macho kuelekea kwetu, anasema taratibu, "Ohoo. Maskini bibi."

Kwa sababu wote wanane walikuwa wamejua. Kila mmoja alijua kilichokuwa ndani ya chupa yake kimetoka wapi. Ila hakuna aliyeweza kusema bila kusema pia kwamba hakuwa na mgeni, hakuwa na mtoto wa kikohozi, na paka hakuzaa.

Kwa hiyo wakaanza kuleta vitu. Siku ya Jumanne ukaja mkungu wa ndizi. Jioni yakaja magimbi. Jumatano usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, na papai. Kila anayeleta anasimama kidogo bandani, anamtazama ng'ombe kama anavyotazamwa marehemu, anaguna, anaondoka.

"Leo ni sikukuu gani?" bibi akaniuliza.

"Wanakupenda, bibi."

"Walikuwa hawanipendi wiki iliyopita?"

Na yeye kuhusu pete hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa amelifikiria jambo lote na kulimaliza. "Ng'ombe tisa wote waugue siku moja? Hata mafua hayana adabu hiyo. Dawa ya yule binti imeharibika na joto. Au ndivyo maziwa ya huku yalivyo. Tumeyanywa tangu bibi yangu, na mimi hapa nipo."

Akasema hivyo ameshika kibuyu chake cha maziwa ya mgando, yale ambayo hayajawahi kuona moto. Bibi haamini maziwa yaliyochemshwa. Anasema hayo ni ya wagonjwa wa hospitali, yana ladha ya sufuria, na hata yakiganda yanaganda kwa uvivu. Alimimina kwenye bakuli la ndizi za kuchemsha, akala. Mkono uliokuwa unashika kibuyu vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio. Na tangu mvua zianze alikuwa na homa zake, leo yupo kitandani, keshokutwa yupo shambani. Vidonge vya malaria alikuwa amemeza mpaka anavijua kwa rangi. Siku zote tulisema ni uzee na unyevu.

Nikamtazama anakula. Nikasikia maneno yote ya bwana mifugo pale kanisani, moja baada ya jingine, homa, jasho, viungo.

Nilianza na ujanja, maana ndiyo kazi ninayoijua. Jioni ile nikakiangusha kibuyu kwa bahati mbaya. Asubuhi nikajikwaa na ndoo. Mchana nikamwambia nzi ameingia kwenye maziwa, nikayamwaga yote kwa ajili ya nzi mmoja.

"Mikono yako imeota mafuta?" bibi akauliza. "Au una mchumba?"

Nikayachemsha kwa siri kwenye chungu kile kikubwa tulichonunua Lyulilo, nikayapoza, nikayarudisha kwenye ndoo. Akaonja. Akanitazama. Akampa mbwa.

Ijumaa asubuhi nilitoka kukamua, nikamkuta amekaa jikoni na kikombe, anasubiri yangali na joto la ng'ombe, kama kila siku. Nikaiweka ndoo mbali naye.

"Bibi, usinywe. Ni huyu wetu."

"Ni wote tisa. Si ulisema mwenyewe."

"Chupa tisa, bibi. Ng'ombe mmoja." Nikamwambia. Nusu kikombe cha mzee wa kanisa, chupa kwenye koti, kikohozi, maandazi, paka. Nikamwambia kwamba nilikuwa najua tangu wa kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa napima.

Hakuniamini. Na hapo ndipo nilipoona bei ya kutania kila siku.

"Wewe," akasema, "juzi uliniambia bata wanafugwa kwenye kiatu cha serikali."

"Hilo ni kweli, bibi."

"Na mwaka jana ukasema kakao imefutwa duniani."

"Hiyo nilikutania. Hili sikutanii."

Kisha akajifunga kitenge, akachukua fimbo. "Twende tukawaulize. Kama ulinidanganya, utalala bandani."

Tukaanza kwa mama jirani. Mvua ilikuwa imekatika, maji yanatiririka kwenye majani ya migomba. Mama alikuwa anapepeta mchele.

"Yale maziwa niliyokupa Jumatatu," bibi akasema bila hata kukaa, "mtoto aliyanywa?"

Mama jirani akanitazama. Nikatazama chini. "Aliyanywa, bibi. Ndaga fijo, asante sana. Kikohozi kikapona kabisa."

"Basi mchukue tumpeleke hospitali sasa hivi. Yale maziwa yana ugonjwa. Mvalishe, mimi nalipa pikipiki."

Ungo ukashuka magotini. Nilimwona anapima: akishika uongo wake, ng'ombe wa bibi anabaki mmoja kati ya tisa, na huenda bwana mifugo akachoka, huenda mambo yakapita. Akiuachia, basi.

"Hakunywa," akasema polepole. "Hakuwa anaumwa. Niliyatia kwenye chupa, bibi. Niliogopa wa kwetu atachinjwa, watoto watano, bibi, nisamehe."

"Hakunywa hata tone?"

"Hata tone."

Bibi akashusha pumzi. Nilidhani atagombana naye. Akamwambia tu, "Ndaga," akageuka.

Njiani nikamwambia yatosha, ameshasikia, turudi. Akasema mmoja anaweza kukosea. Tukaenda kwa dada wa maandazi. Tukaenda kwa mwenye paka, ambaye hata paka hana. Kila mlango bibi aliuliza swali lile lile, nani aliyanywa, na kila mlango mtu alijaribu kumlinda kwa uongo, na bibi akauvunja ule uongo kwa kumhurumia. Mwenye paka aliambiwa alete vitoto tuvitazame. Kijana wa ng'ombe mwenye hasira alikiri kabla hatujafika, alituona tu tunakuja na fimbo. Na mimi nyuma nilikuwa nahesabu kichwani: kila jibu lilikuwa linamtoa ng'ombe mmoja kwenye hatari, na kumsogeza wetu. Bibi naye alikuwa anajua. Kadiri tulivyoendelea, alikuwa anatembea polepole zaidi, na hakuruka nyumba hata moja.

Tulimalizia kwa mzee wa kanisa. Yeye hakungoja swali. Akatuketisha, akafunga mlango.

"Najua mnachotaka," akasema. "Bibi, naomba nikushauri. Mambo mengine tuyaache yalivyo. Bwana mifugo ana chupa tisa zenye pete, hawezi kuchinja kijiji kizima. Ukienda kusema, ni ng'ombe wako peke yake."

"Na mgeni wako wa Mbeya?"

"Hakukuwa na mgeni."

"Na wewe nyumbani kwako, tangu Jumatatu mnakunywa nini?"

Mzee akakohoa. "Chai ya rangi."

"Wote mnakunywa chai ya rangi," bibi akasema. "Nimepita nyumba nane, jikoni kote kuna chai ya rangi. Mimi nimekunywa maziwa Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mlikuwa mnaniona. Mlikuwa mnaniletea ndizi za msiba."

Mzee akainuka, akachukua koti lake lile lile.

"Nitakwenda na wewe kwa bwana mifugo," akasema. "Nitasema mwenyewe la kwangu."

Tulifika ofisini tukiwa kumi na mmoja, maana njiani wengine walijiunga, na mama jirani alikuja na yule wa mwisho mgongoni kama ushahidi. Bwana mifugo alisikiliza mpaka mwisho amekunja mikono.

"Kwa hiyo mlinipa ng'ombe mmoja mara tisa," akasema.

"Ndiyo, bwana mifugo," wakajibu pamoja kama darasa.

"Usiku nimekaa naandika barua kwa wakubwa. Nimeandika kurasa tatu!" Halafu akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unajua. 'Anapenda wageni.'"

Sikuwa na cha kuchekesha. Nikasema, "Nilikuwa najua. Nisamehe, dada." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Akatikisa kichwa, akavaa gambuti, akatuambia twende.

Safari hii aliingia kila banda mwenyewe, akasimama nyuma ya kila ng'ombe mpaka maziwa yakaingia kwenye chupa mbele ya macho yake. Ng'ombe wa mzee wa kanisa alimkanyaga. Vichupa vya wale wanane vikabaki buluu, laini, juu mpaka chini. Cha bibi kikaweka pete. Wiki iliyofuata akachukua damu ya wote, na damu ikasema vile vile. Akatuandikia na karatasi ya zahanati, mimi na bibi. Mimi nilionekana sina kitu, labda kwa sababu nimelelewa kwenye chai, na maziwa ya chai huchemka. Bibi alikuwa na ugonjwa ule. Alipewa vidonge vya wiki sita, na daktari alipomweleza kwamba ndizo homa zake zote za masika, na ndivyo vidole vyake, bibi alisema tu, "Nikadhani ni mimi nimechoka."

Siku ya kumpeleka machinjioni tulikuwa na ruhusa ya bwana mifugo mkononi na maelekezo yake. Nyama ingekaguliwa, na yenyewe ikipikwa vizuri haina shida, ila kiwele na mfuko wa uzazi vingefukiwa. Akasema pia tumkamue kwanza, asitembee na kiwele kinauma, na maziwa tuyamwage shimoni na chokaa. Bibi alikataa nimkamue mimi. Alikaa kwenye kigoda chake na vidole vile vilivyovimba, akakamua taratibu mpaka mwisho, ndoo ikajaa povu kama siku zote. Akaibeba mwenyewe mpaka kwenye shimo. Akasimama pale, na niliona mkono hautaki. Maishani mwake alikuwa hajawahi kumwaga maziwa. Halafu akamwaga.

Hakuja na sisi. Tulidhani atataka, mzee wa kanisa alikuwa ameleta hadi mwavuli wa ziada. Akasema alimleta kutoka Ngana, inatosha, kuondoka atasindikizwa na vijana. Akabaki anatoa majani ya kulalia bandani ayachome, kama alivyoelekezwa.

Niliporudi alasiri, moshi ulikuwa bado unapita chini chini kwenye migomba, majani yalikuwa mabichi hayataki kushika moto. Bibi alikuwa ameinama anafagia banda, sakafu inaonekana yote. Hakuinuka.

"Alisumbua njiani?"

"Hakusumbua."

"Alikula?"

"Pale darajani aliingia kwenye mpunga wa watu."

Fagio likasimama. "Ukamtoa?"

"Sikumtoa. Nilimwacha ale. Mwenye shamba alipiga kelele mpaka akachoka."

"Alikula akashiba?"

"Alishiba, bibi."

"Vizuri," akasema, akanipa fagio, akaenda kukaa kwenye kigoda.